Spika ikifunguliwa baa nzima ni viziwi, sasa huyu dada ananyimwa kazi kwa lipi?

Jumamosi saa tatu usiku, baa yoyote yenye spika mbili kubwa mlangoni. Mteja anataka bia mbili na mishkaki mitano. Anafanyaje? Anainua chupa tupu juu, anatoa vidole viwili, kisha vitano, halafu anaelekeza kidole kule kwenye jiko la mkaa. Mhudumu anaitikia kwa kichwa, anakwenda, anarudi na oda imekamilika. Hakuna aliyesikia neno hata moja. Mteja hakusema na mhudumu hakuuliza, na wote wameridhika.

Sasa mlete dada kiziwi aombe kazi hiyo hiyo. Ghafla bosi anakuwa mtaalamu wa mawasiliano. Eti wateja watapata shida. Eti hatasikia akiitwa. Eti ugomvi ukitokea itakuwaje. Na akishaondoka yule dada, bosi anageukia kaunta na kusema lile neno lake: "Bubu naye anataka kuuza bia!" Watu wanacheka. Spika inaendelea kupiga kelele kiasi kwamba waliocheka nao hawakusikia vizuri walichokicheka.

Hii habari inagusa kila mji, lakini ukitaka kuiona ikiwa haina vipodozi, shuka Mtowisa. Kwa wale wa mjini ambao Rukwa kwao ni utani wa uchawi tu (na jina la Sumbawanga lenyewe watu hulitafsiri kuwa ni kutupa uchawi, lakini hilo mnaliruka), Mtowisa iko chini bondeni, Ziwa Rukwa, Wilaya ya Sumbawanga. Unatoka kwenye baridi ya juu kule Ufipa, unashika njia ya Ntendo, unateremka mlima Kalambanzite hadi Muze, na joto linakupokea kama umefungua mlango wa tanuri. Kule kuna mpunga, ufuta, samaki na ng'ombe. Maana yake kuna msimu wa pesa. Mavuno yakiuzwa, wanunuzi wakishuka na magari, wavuvi wakipata, watu wanataka kukaa chini, wanywe kitu cha baridi na wale nyama. Baa, grosari na vilabu vya pombe za kienyeji vinajaa. Na kwa binti ambaye hana shamba la jina lake wala ng'ombe wa kuuza, kazi ya usiku ni moja ya milango michache inayotoa noti mkononi wiki hiyo hiyo.

Mchukue basi binti wa miaka 22 aliyezaliwa bondeni huko. Alikuwa anasikia vizuri hadi utotoni, akapata homa kali, au uti wa mgongo, au surua, au masikio yakatoa usaha miaka miwili bila dawa ya maana. Hizo ndizo njia za kawaida kabisa za mtoto kupoteza usikivu sehemu zenye malaria na zahanati za mbali. Mtaani maelezo ni mengine: karogwa, kuna mtu wa ukoo kamfunga masikio, babu ana kisasi. Basi anakua akiwa kesi ya mganga wakati alipaswa kuwa mwanafunzi. Shule za viziwi nchi hii zipo, ile ya Tabora imeanza tangu 1963, kuna ya Buguruni, kuna ya Mwanga na ya Njombe. Lakini hebu pima mwenyewe umbali wa Mtowisa hadi Tabora kwa familia inayohesabu magunia. Wengi hawafiki. Wanabaki na alama za nyumbani, zile ambazo mama na wadogo zake wamezitunga wenyewe, na Lugha ya Alama ya Tanzania yenyewe wanakuja kukutana nayo ukubwani, kama wanakutana nayo.

Huyo binti ndiye anayekuja kusimama kwenye kaunta. Hakuja kuomba sadaka. Amekaa kijijini miaka yote hiyo akisoma nyuso za watu, anajua nani amekasirika kabla hajafungua mdomo, nani anadanganya, nani amelewa na anajifanya hajalewa. Kwa kazi ya baa, hiyo ni elimu ambayo watu wanaosikia wanaitafuta miaka mitano na hawaipati. Kila mtu amewahi kukaa kwenye baa akapunga mkono dakika kumi huku mhudumu mwenye masikio mawili mazima anachezea simu. Kiziwi anafanya kazi kwa macho, hana namna nyingine. Akiwa zamu, macho yake yako kwenye meza.

Na tuje kwenye hilo la kelele, maana hapa ndipo hoja ya mabosi inapooza kabisa. Mwezi Machi 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kiwango cha kelele kwa kumbi za muziki na starehe: wastani usizidi desibeli 100 ndani ya dakika 15. Lilifanya hivyo kwa sababu linakadiria vijana zaidi ya bilioni moja, wa miaka 12 hadi 35, wako hatarini kupoteza usikivu kwa muziki wa sauti kubwa. Hiyo ni kwa mteja anayekuja mara moja moja. Kwa mfanyakazi kipimo kinachotumika sehemu nyingi ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila ikipanda desibeli tatu muda salama unakatwa nusu. Piga hesabu hadi 100: unabaki na dakika 15 kwa siku. Baamedi anaingia saa kumi na moja jioni anatoka saa sita usiku, amesimama mita mbili kutoka kwenye spika, siku sita kwa wiki. Hana hata pamba ya kuziba masikio.

Kwa hiyo bosi anayemkataa kiziwi anatengeneza viziwi wake mwenyewe, taratibu, mmoja mmoja, na siku wakianza kusema "eeh? eeh?" kwa kila mteja atawaona wazembe awafukuze.

Kuna watu watasema hii ni nadharia ya mtandaoni. Haya, tuondoke kwenye nadharia. Iringa mjini kuna Neema Crafts, iliyoanza mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana. Ilianza na vijana watatu viziwi waliokuwa wanatengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Ndiyo, kinyesi cha tembo, usikunje pua. Leo wana mgahawa ambao wahudumu wake ni viziwi. Mteja anaandika oda yake kwenye karatasi, anampa mhudumu, chakula kinakuja. Watalii wanapanga foleni, na wenyeji wanakwenda kwa sababu keki ni nzuri, basi. Nairobi, mtaa wa Lavington, kuna Pallet Café, wahudumu wengi ni viziwi na mteja anajifunza alama mbili tatu akiwa anasubiri kahawa. Starbucks wenyewe, ambao hawafanyi kitu bila kupiga hesabu ya faida, walifungua duka la wahudumu viziwi Kuala Lumpur mwaka 2016, kisha Washington mwaka 2018.

Hapo mtu mwerevu ataona tundu: hizo zote ni sehemu za kahawa, mchana, watu wametulia, taa zinawaka. Usiku je? Swali zuri, na jibu lake lina pande mbili. Upande mmoja usiku unambeba kiziwi, kwa sababu ile kelele inayomzuia mwenzake kusikia haimpunguzii yeye kitu. Na asitokee mtu wa kusema kiziwi haelewi raha ya muziki. London kuna pati za viziwi zinaitwa Deaf Rave, zilianza mwaka 2003, watu wanacheza hadi asubuhi kwa mtetemo wa besi unaopanda kutoka sakafuni. Upande wa pili usiku una adui mmoja wa kweli, nalo ni giza. Kiziwi akinyimwa mwanga amenyimwa masikio yake. Zile taa nyekundu zinazowaka na kuzima, ambazo kila lounge inadhani ndiyo ujanja, zinamkata mawasiliano. Dawa yake ni balbu moja nyeupe juu ya kaunta na nyingine kwenye njia ya kwenda jikoni. Gharama yake haifiki bei ya kreti moja.

Mengine nayo ni madogo hivyo hivyo hadi yanachekesha. Bia za nchi hii kila moja ina lebo na rangi yake, mteja anaonyesha kwa kidole. Noti zetu zina rangi: elfu kumi nyekundu, elfu tano ya zambarau, elfu mbili ya kahawia, elfu moja ya bluu, kwa hiyo hata ambaye hakufika shule anahesabu chenji bila kukosea. Wanaolipa kwa simu, lipa namba imebandikwa ukutani na meseji inaingia, inasomwa. Ile "ya moto au ya baridi" ambayo ni swali la taifa, mteja akijikunja mabega kama yuko Sumbawanga mjini mwezi wa saba, atapewa ya baridi. Chipsi, kuku, nyama, ndizi: piga picha, bandika kwenye kadi, kazi imeisha. Na kwenye kilabu cha kimpumu mambo ni rahisi zaidi, kwa sababu watu wamezunguka chungu na mirija yao na kinachotakiwa ni mhudumu anayeona kwamba maji ya moto yamepungua. Kuona, siyo kusikia.

Sasa ule ugomvi. Mabosi wanalipenda sana hili, eti chupa ikivunjika nyuma yake hatajua. Kwani kwenye ile kelele mwenzake anajua? Wanaowahi kukimbia baa ikichafuka ni wale waliokuwa wanaangalia. Kitu ambacho dada kiziwi anakihitaji kweli kweli ni ulinzi wa aina nyingine, na huu hakuna bosi anayeutaja kwa hiari.

Mhudumu wa kike wa baa anashikwashikwa. Hilo kila mtu analijua na kila mtu amelizoea, ambayo ni aibu peke yake. Lakini anayesikia na kuongea anaweza kutoa tusi la nguvuni, meza ya jirani ikageuka, mlevi akanywea. Kiziwi akishikwa anatoa sauti ambayo watu wanaicheka. Akisukuma mkono wanasema ana hasira za kibubu. Akienda kwa meneja kulalamika, meneja haelewi alama na hana subira ya kusoma. Akifika kituo cha polisi anatakiwa aje na mtu wa kumtafsiria, na mtu huyo mara nyingi ni ndugu, na kuna mambo mwanamke hawezi kuyaeleza mbele ya kaka yake. Wapo wanaume wanaolijua hilo vizuri sana. Wanamchagua yeye makusudi, kwa hesabu kwamba hawezi kusema.

Ndiyo maana wazazi wengi wanamfungia ndani, na hapo hawastahili kutukanwa, wanaogopa kitu cha kweli. Ila kumfungia hakujamlinda mtu. Mabinti viziwi wanaharibiwa hata nyumbani, mchana, na majirani. Tofauti ni kwamba mwenye kazi ana pesa yake, ana wenzake wa zamu, ana simu na namba za kuwatumia ujumbe, na akipotea saa mbili kuna mtu atauliza yuko wapi. Baa ikitaka kumlinda inaweza: mwenzake mmoja afundishwe alama za msingi, wakubaliane ishara moja ya "nisaidie" ambayo baunsa, mchoma nyama na wa kaunta wote wanaijua, na usiku asirudi peke yake. Wenye baa hawahitaji semina ya siku tatu Dodoma kwa hilo.

Halafu kuna pesa. Wahudumu wengi wa baa za mitaani hawana mkataba, wanalipwa kwa kauli, na kauli ya bosi hubadilika kama hali ya hewa. Mnaosikia mnabishana, mnapiga simu, mnatishia kwenda kwa mtendaji. Kiziwi akiambiwa mwisho wa mwezi kwamba glasi tatu zimevunjika, mteja mmoja alikimbia bili, na kwa hiyo hana kitu, atabishana kwa lugha ipi? Kwake karatasi ina uzito kuliko kwa mtu mwingine yeyote: mshahara kiasi gani, siku gani, makato yapi, imesainiwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumbagua mtu kazini kwa ulemavu wake, na haijasema isipokuwa baa.

Kwa sheria nchi hii haina njaa kabisa. Kuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inayomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe wasiopungua asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Tamu ukiisoma. Ila ishushe Kalambanzite uone inavyofika bondeni imechoka. Baa ya kawaida kijijini ina wahudumu wawili watatu, mkaanga chipsi, mchoma nyama na mlinzi. Haifiki 20 hata ukimhesabu paka. Kwa hiyo ajira ambayo binti wa Mtowisa anaweza kuifikia kwa miguu ndiyo ile ambayo asilimia 3 haiigusi, na zile kampuni zinazoguswa ziko mijini na zinataka cheti cha kidato cha nne ambacho hakupewa nafasi ya kukipata.

Na hapa ndipo wanapoingia wale wenye moyo mwema, ambao kwa kweli wanaudhi kuliko mabosi wenye jeuri. Mwanamke kiziwi akitokea mbele yao wana jibu moja: cherehani. Mashirika, wafadhili, hata ndugu wa Dar, wote cherehani. Kushona ni kazi ya heshima, wala hakuna ubishi. Lakini hivi kweli kila binti kiziwi Tanzania nzima kazaliwa na kipaji cha kupima suruali? Wapo wanaopenda watu, kelele za macho, mizunguko, kupendeza, kuvaa vizuri saa kumi na mbili jioni na kutoka. Anayesikia akiwa hivyo anaitwa mchangamfu, anaajiriwa kwenye lounge, baada ya miaka anakuwa meneja, na siku moja anafungua ya kwake. Kiziwi akiwa hivyo anapelekwa kushona, eti atulie.

Walokole na mashehe wa mtandaoni watasema baa si mahali pa binti wa watu. Sawa, waseme kwa wote basi. Wakishafunga baa zote na kuwapa kazi nyingine mabinti wote, kiziwi naye atatii pamoja na wenzake. Kinachokera ni maadili yanayokumbukwa tu pale mtu mwenye ulemavu anapotaka kufanya kile ambacho wengine wanafanya kila siku bila kuulizwa.

Kundi la mwisho ni nyie wenye simu. Ndiyo, nyie mnaosambaza klipu. Akitokea mhudumu kiziwi kwenye baa yoyote, wiki ya kwanza ataibuka kijana na kamera, atampa noti ya elfu kumi mbele ya kioo, ataweka wimbo wa huzuni, ataandika "usilalamike, wapo wenye shida kuliko wewe". Maoni elfu mbili, machozi kila kona. Dada wa watu ameomba bakshishi ya kawaida ya meza aliyoihudumia, amepewa umaarufu wa kuonewa huruma, tena bila kuulizwa kama anataka kurekodiwa. Mwaka 2022 Dar es Salaam ilipokea mashindano ya kimataifa ya urembo na utanashati ya viziwi, na mrembo wa Kitanzania akavishwa taji. Wakati ule kila ukurasa wa burudani ulimposti. Wangapi kati ya waliompongeza wanaweza leo kusema "asante" kwa alama?

Njia ya kumsukuma huyu dada mbele ipo, na haipiti kwenye machozi. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo, na ndani yake asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Utaratibu ulisimamishwa 2023, ukarudi 2024. Ofisi za Halmashauri ya Wilaya ya Sumbawanga ziko Laela, huko juu, safari ya maana kwa mtu wa bonde, na akifika dirishani atakuta afisa ambaye hajui alama na fomu iliyoandikwa kwa Kiswahili cha ofisini. Maafisa maendeleo wakishuka bondeni kukusanya vikundi, wawaulize na wanaotaka friji na jiko la nyama choma, waache kudhani kila fomu ya kiziwi inaombea cherehani. CHAVITA, chama cha viziwi chenyewe, kipo kwa ajili ya kutoa watu wanaojua alama. Siku mbili za mafunzo kwa wahudumu wa baa tatu nne za Mtowisa zingefanya kazi kubwa kuliko makongamano mengi yenye fulana na chakula cha mchana.

Ila mwenye baa asisingizie Laela. Wengi wao wanasema hawajawahi kupata kiziwi anayetaka kazi, na wanasema hivyo wakiwa wamesimama mbele ya pazia la jikoni. Avute hilo pazia. Mara nyingi yuko hapo hapo, kwenye beseni, anaosha glasi za wote tangu saa kumi, hayumo kwenye orodha ya wafanyakazi, anaitwa kwa kurushiwa kizibo. Anajua bia zote zinakaa wapi, anajua wateja gani hawalipi, na hajawahi kuvunja glasi. Aanze kwa kumuuliza huyo jina lake. Kisha amwonyeshe daftari la mshahara wa mwezi huu, ajionee mwenyewe kama limo.